Matairi ya theluji katika barabara za Nairobi: Jinsi ya kuyatambua, kuyabadilisha na kuyahifadhi

Magari mengi yanayoegeshwa katika majengo ya ghorofa ya Muthangari, kati ya Waiyaki Way na Lavington, yalianza kazi nchini Japan kabla ya kuletwa Kenya kupitia bandari ya Mombasa. Baadhi yake huwasili yakiwa bado na matairi yaliyoundwa kwa ajili ya theluji na barafu ya maeneo kama Hokkaido, Niigata na Nagano. Mwenye gari anaweza kuyatumia kwa miaka kadhaa bila kujua ni matairi ya aina gani.

Kosa hilo ni rahisi kufanyika. Mnunuzi wa gari lililotumika hutazama kina cha mifereji ya tairi, na tairi la theluji huwa na mifereji yenye kina kirefu kuliko tairi la kawaida. Kwa hiyo gari lililovalishwa matairi hayo huonekana kana kwamba limewekewa matairi mapya, na muuzaji hana sababu ya kusema lolote. Mnunuzi huona ameokoa gharama ya matairi manne. Madhara hujitokeza baadaye, hasa siku ya mvua kubwa, wakati gari linapochelewa kusimama.

Tofauti ya kwanza imo katika mpira wenyewe. Mpira wa tairi la kawaida huanza kuwa mgumu joto linaposhuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi, na tairi gumu haliwezi kushika barabara iliyoganda. Tairi la theluji hutengenezwa kwa mchanganyiko laini unaobaki mwororo hata chini ya sifuri. Nairobi, hata usiku wa Julai ambao wakazi huulalamikia kwa baridi, kwa kawaida haifikii kiwango hicho, na mchana lami hupata joto kali zaidi ya lile la hewa. Katika hali hiyo mpira laini hulika haraka. Katika safari ndefu ya kuteremka kwenda Mombasa, kupitia Mtito Andei na Voi, joto la barabara, mzigo na mwendo huongeza uchakavu huo maradufu.

Tofauti ya pili ni umbo. Uso wa tairi la theluji umekatwa nyufa nyingi nyembamba, zilizopinda kama mawimbi, juu ya kila kipande cha mpira. Nyufa hizo hufunguka zinapokandamizwa na kingo zake hung'ang'ania barafu. Juu ya lami kavu, vipande hivyohivyo huyumba chini ya uzito wa gari, na dereva huhisi usukani ukichelewa kuitikia anapokata kona au kukwepa bodaboda. Madereva wengi hudhani kwamba tairi linaloshika barafu litashika pia barabara yenye maji. Sivyo. Matairi ya Kijapani ya aina hii yalitengenezwa kwanza kabisa kwa ajili ya barafu, na katika mvua ya joto kama ile ya Aprili huhitaji umbali mrefu zaidi kusimama kuliko tairi zuri la kawaida.

Asili ya matairi hayo inaeleza kwa nini yameenea mno kutoka Japan kuliko kwingineko. Zamani madereva wa nchi hiyo walitumia matairi yenye misumari ya chuma wakati wa baridi. Misumari hiyo ilichimbua lami na kutimua vumbi lililowadhuru wakazi wa miji ya kaskazini. Kampuni ya Bridgestone ilileta sokoni tairi lake la Blizzak lisilo na misumari mwaka 1988, na mwaka 1990 Japan ikapitisha sheria ya kuzuia vumbi la matairi ya misumari. Tangu wakati huo wenye magari katika maeneo ya theluji huwa na seti mbili za matairi, moja ya baridi na nyingine ya miezi mingine. Gari likiuzwa katikati ya msimu wa baridi, huondoka na seti iliyopo mguuni.

Katika nchi zenye baridi, matairi haya ni suala la sheria. Mkenya anayehamia jimbo la Quebec nchini Kanada atatakiwa kuwa nayo kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15. Ujerumani haitaji tarehe bali hali ya barabara: palipo na theluji au barafu, gari lisilo na matairi yanayofaa haliruhusiwi kuendeshwa, na tangu Oktoba 2024 yanayokubaliwa ni yale tu yenye alama ya mlima na chembe ya theluji. Kenya haina barabara ya aina hiyo. Mwezi Septemba 2008, mlima wa Busara karibu na Nyahururu ulipofunikwa na weupe na watu wakamiminika kuutazama, kilichoanguka kilikuwa mvua ya mawe.

Kulitambua tairi la theluji hakuhitaji fundi. Ubavuni mwa tairi huwa na mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, au neno STUDLESS, ambalo Wajapani hulitumia kwa tairi la barafu lisilo na misumari. Majina pia husaidia: Blizzak ya Bridgestone, iceGUARD ya Yokohama na Winter Maxx ya Dunlop yote ni matairi ya baridi. Herufi M+S peke yake si ushahidi wa kutosha. Herufi hizo, zinazomaanisha matope na theluji, huandikwa pia kwenye matairi mengi ya magari makubwa ya kwenda porini, ambayo hutumika Kenya bila tatizo.

Kuna alama nyingine ambayo hupotosha hata wauzaji. Kila tairi lina vijitundu vya mpira vilivyoinuka ndani ya mifereji, vinavyoonyesha kwamba kina kimebaki milimita 1.6 na tairi linapaswa kuondolewa. Tairi la theluji la Kijapani lina alama ya pili, iliyo juu zaidi, ambayo hufikiwa tairi linapolika nusu. Likifika hapo halihesabiwi tena kuwa tairi la baridi nchini Japan, ingawa mifereji yake bado inaonekana mizuri. Tairi la namna hiyo halina kazi kwao, na likiletwa Nairobi halipati kazi mpya kwa sababu tu limevuka bahari.

Baada ya aina ya tairi, jambo la kuangaliwa ni umri. Ubavuni, mwishoni mwa mfululizo wa herufi zinazoanza na DOT, huwa na tarakimu nne. Maandishi 3521 yana maana kwamba tairi lilitengenezwa katika wiki ya 35 ya mwaka 2021. Kanuni za Kenya haziruhusu kuingizwa kwa gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na hakuna ajabu kukuta tairi lenye umri sawa na wa gari, hasa tairi la spea lililokaa buti bila kuguswa. Watengenezaji wengi hushauri tairi liondolewe likitimiza miaka 10, hata likiwa halijalika. Spea nyembamba zinazokuja na magari madogo ya Japan zina masharti yake: hujazwa upepo hadi kilopaskali 420, takriban paundi 60, na hazipaswi kuendeshwa kwa zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Madereva wa teksi wanaozitumia wiki nzima wanajua wanachokifanya, na abiria wao hawajui.

Anayeamua kununua matairi mengine Nairobi ana soko kubwa mbele yake, kuanzia maduka ya kampuni zenye majina hadi vibanda vya barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee bado huiita Grogan. Tairi la kutengenezwa nyumbani limepungua katika soko hilo tangu kampuni ya Sameer Africa, yenye matairi ya Yana, ilipofunga kiwanda chake cha Nairobi mwaka 2016. Matairi ya mitumba, yanayouzwa kwa jina la matairi ya Japan, ndiyo yanayohitaji uangalifu mkubwa zaidi, kwani humo matairi ya theluji yamechanganyika na mengine. Mnunuzi na asome ubavu kabla ya kuuliza bei.

Maandishi ya ukubwa, kwa mfano 195/65 R15 91H, yafuatwe kama yalivyo kwenye kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva. Tarakimu 91 inaonyesha kwamba tairi moja linabeba kilo 615, na herufi H kwamba linahimili mwendo wa kilomita 210 kwa saa. Matairi mengi ya theluji ya Kijapani yana herufi Q, yaani kilomita 160. Mwendo wa juu wa gari dogo katika barabara kuu za Kenya ni kilomita 110 kwa saa, hivyo herufi hiyo si hoja ya kuyakataa. Sababu za kuyakataa ni zile za mpira na maji zilizokwisha kutajwa. Kwa mvua za masika na vuli, tairi linalofaa ni la kawaida lenye mifereji mipana inayozunguka tairi lote, kwa kuwa mifereji ndiyo inayotoa maji chini ya gurudumu. Maji yakikosa pa kupita, gari huelea juu yake na breki hazisaidii kitu.

Matairi yabadilishwe yote manne kwa pamoja inapowezekana. Kuweka mawili ya kawaida mbele na kuacha mawili ya theluji nyuma hulifanya gari lishike barabara upande mmoja na kuteleza upande mwingine. Asiyekuwa na fedha za manne kwa mara moja anunue mawili na kuyafunga nyuma, hata kama gari huvutwa na magurudumu ya mbele. Ushauri huu huwashangaza wengi, lakini mkia wa gari unapoteleza katika mteremko uliolowa, kama ule wa kutoka Limuru kuelekea Bonde la Ufa, dereva wa kawaida hawezi kuurudisha.

Fundi akivua tairi kuukuu, na abadilishe valvu pia, kwani ni kitu cha bei ndogo ambacho kikizeeka huvujisha upepo. Tairi lenye mshale ubavuni lazima lizunguke kuelekea mshale unakoonyesha, na lililoandikwa OUTSIDE liwe na maandishi hayo nje. Baadaye gurudumu lifanyiwe balansi kwa mashine. Nati hukazwa kwa kuvukana, si kwa kufuatana, na kwa spana yenye kipimo. Toyota nyingi ndogo huhitaji nyutoni-mita 103. Fundi anayeruka juu ya spana kwa uzito wake wote huharibu nyuzi za nati, na mwenye gari ndiye atakayeshindwa kuzifungua usiku akipata panchari. Nati zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Gari likivuta upande mmoja, au matairi ya zamani yakiwa yamelika upande wa ndani, alaimenti isiahirishwe, kwani matairi mapya yatalika vivyo hivyo.

Upepo upimwe asubuhi kabla ya safari. Kibandiko cha gari la Japan huandikwa kwa kilopaskali, wakati mashine za vituo vya petroli vya Nairobi husoma paundi. Kilopaskali 220 ni karibu paundi 32, na 230 ni karibu 33.

Kuhifadhi matairi ni jambo ambalo Nairobi linawahusu watu wa aina mbili: wenye magari makubwa wanaobadilisha matairi ya lami na ya matope kulingana na safari za Maasai Mara, na wale waliovua matairi mazuri wakisubiri kuyauza. Tairi lioshwe na kukaushwa kwanza, kisha liandikwe kwa chaki mahali lilipokuwa, kama vile mbele kulia. Chumba cha giza, kikavu na chenye ubaridi kiasi hufaa. Roshani inayopigwa na jua haifai, wala chumba cha jenereta, kwa kuwa mota za umeme hutoa ozoni inayopasua mpira. Mafuta na petroli vikae mbali. Tairi lililo kwenye rimu hulazwa juu ya lingine au kutundikwa. Lisilo na rimu husimamishwa wima na kugeuzwa kidogo kila mwezi lisipoteze umbo.

Tairi lililoachwa nje hukusanya maji ya mvua, na maji hayo ni mazalio ya mbu wa Aedes aegypti, anayeeneza homa ya dengue na chikungunya, magonjwa yaliyowahi kuzuka Mombasa. Wasimamizi wa majengo ya Muthangari wanaokataza matairi uani wana sababu nzuri kuliko usafi wa macho.

Ama tairi la theluji lililozeeka au kulika nusu, kuliuza ni kumhamishia dereva mwingine hatari ileile. Njia salama ni kulikata ubavu kabla halijatoka karakana, lisirudi barabarani. Mpira wake bado una wateja: mafundi wa akala katika masoko ya Nairobi hawaulizi kama tairi lilitengenezewa barafu au jua.