Mara Ngapi Ndiyo Nyingi?

Saa nane za usiku. Umemaliza bando kwa video za ngono, umefuta historia ya simu, umeapa hiyo ni ya mwisho. Kesho usiku umerudi. Unajiuliza: ama mimi ni mraibu? Kisha unaanza kuhesabu.

Kuhesabu hakukuanza na wewe. Mwaka 1948, huko Marekani, Alfred Kinsey alichapisha utafiti kuhusu wanaume, akipima maisha yao ya ngono kwa idadi ya mara wanazofika kileleni kwa wiki. Hakuwa akisaka wagonjwa. Alitaka kuonyesha jinsi watu wanavyotofautiana. Lakini mwaka 1997 daktari wa akili Martin Kafka aliitumia hesabu hiyohiyo kuweka mpaka: mara saba au zaidi kwa wiki, kwa miezi sita, ati hapo hamu imepita kiasi.

Shida ni kwamba wawili wanaweza kutazama sawasawa, mmoja akaamka akaenda kazini, mwingine akakosa mtihani.

Ndiyo maana mwaka 2018 Beáta Bőthe na wenzake, huko Hungaria, walitoa hojaji ya maswali 18. Inauliza mambo sita: Je, ponografia imetawala mawazo yako? Unahitaji zaidi kila uchao? Unaikimbilia ukiwa na msongo? Imekukosanisha na watu au kazi? Ukiikosa unahangaika? Umejaribu kuacha ukashindwa? Alama za juu kabisa ni 126. Ukifika 76, kuna uwezekano wa tatizo; bado si hukumu.

Halafu kuna aibu. Mwanasaikolojia Joshua Grubbs wa Marekani ameonyesha kwamba wapo wanaojiita waraibu ilhali hutazama kidogo tu. Kinachowachoma ni kufanya wanachoamini ni dhambi. Uchungu wao ni wa kweli, ila dawa yake ni nyingine. Shirika la Afya Duniani lililitambua hilo. Mwongozo wake ulioanza kutumika 2022 unataja tatizo la kushindwa kudhibiti tabia za ngono, lakini unasema majuto ya kimaadili peke yake hayatoshi kumwita mtu mgonjwa.

Kwa hivyo ukienda kwa mshauri nasaha, usibebe hesabu ya siku tu. Mweleze pia ni nini kimeharibika, na ni nini unachokiogopa.