Ombi Namba 16

Agosti 2009, mama mmoja wa wilaya ya Mityana, magharibi mwa Kampala, alijifungua pacha wa kwanza katika kituo cha afya. Wa pili hakutoka. Mama akakimbizwa hospitali ya wilaya, na huko wakafa wote wawili, yeye na mtoto aliyekuwa bado tumboni. Desemba 2010, kule Arua, diwani mjamzito alisubiri saa nyingi hospitalini bila kupata msaada. Naye akafa.

Misiba ya namna hii tumezoea kuizika kwa kusema kazi ya Mungu haina makosa. Profesa Ben Twinomugisha, mwalimu wa sheria ya afya na haki za binadamu Makerere, hakukubali iishie makaburini.

Mwaka 2007 alikuwa ameshachapisha makala kuhusu namna mahakama zinavyoweza kumlinda mjamzito wa Uganda anayehitaji huduma ya dharura. Kazi ilikuwa ngumu. Katiba ya 1995 haikuiweka afya waziwazi kwenye sura ya haki. Huduma za tiba zimo katika malengo ya taifa tu, na kwa malengo hayo si rahisi kuibana serikali. Ikabidi kupita kwenye haki zilizoandikwa: haki ya kuishi, na ibara ya 33, inayoitaka dola imlinde mwanamke kwa kuzingatia jukumu lake la uzazi. Kwangu, usomi wenye faida ni huu.

Mwaka 2011 yeye, shirika la kutetea haki ya afya, CEHURD, na ndugu wa marehemu wale wawili wakafungua Ombi Namba 16 katika Mahakama ya Katiba. Juni 2012 likatupwa. Majaji walisema mambo ya sera na bajeti ya afya ni ya serikali na Bunge. Uamuzi ule ulitisha: ungesimama, mfiwa mwingine angeuliza wapi? Wakakata rufaa, na Oktoba 2015 Mahakama ya Juu ikaagiza ombi lisikilizwe.

Hukumu ilitoka Agosti 19, 2020. Mahakama ya Katiba ilikubali kwamba serikali, kwa kushindwa kutoa huduma za msingi za uzazi, ilivunja haki za wanawake. Iliamriwa iongeze fedha za afya ya uzazi na kuwapa mafunzo wahudumu. Familia zote mbili zilipewa fidia, miaka 11 baada ya msiba wa Mityana.