Aliyetangulia na Aliyefuata

Mwaka 1625 Sir Henry Wotton, aliyewahi kuwa balozi wa Uingereza mjini Venice na wakati huo mkuu wa chuo cha Eton, alifiwa na Albertus Morton, mtoto wa kaka yake wa mama mmoja. Morton alikuwa amemfuata Venice tangu ujana, akawa katibu wake, kisha akapanda vyeo mpaka akawa waziri wa mfalme mwaka uleule aliofariki. Wotton alimlilia kwa shairi refu la machozi juu ya kaburi lake huko Southampton. Mwaka 1627 akafariki mjane wa Morton, Elizabeth, na safari hii Wotton aliandika mistari miwili tu.

Shairi refu leo lina wasomaji wachache. Mistari ile miwili imo katika diwani nyingi za Kiingereza. Ndani yake mume anatangulia, mke anajaribu kwa muda kuishi bila yeye, maisha hayo hayampendezi, naye anafuata. Basi. Hakuna sifa za marehemu wala dua. Uzito wote uko kwenye kule kujaribu, maana Wotton amempa mama huyu tendo la mtu mwenye hiari, aliyeuonja upweke akaukataa. Ila lipo linaloniuma kila nikiisoma. Elizabeth ametajwa kwa jina la mumewe, na yote aliyoyaishi kabla ya ndoa hayamo. Mtu mzima amegeuzwa mwisho wa habari ya mtu mwingine.

Pwani yetu ina mjane aliyejisemea mwenyewe. Bwana Mataka wa Siyu alifariki mwaka 1856. Miaka miwili baadaye mjane wake, Mwana Kupona, akiwa mgonjwa, alimtungia utendi binti yake Mwana Hashima. Tumezoea kuusoma utendi huo kama mafunzo ya adabu za mke, na kwa sababu hiyo wengine wanautukuza na wengine wanaugombeza. Mimi husimama pale mama anapoacha kuagiza akaanza kukumbuka: miaka aliyokaa na mumewe bila ugomvi, mpaka mauti yalipomkuta akiwa radhi naye. Hapo mafunzo yananyamaza kidogo, na anayesema ni mjane akimsimulia mtoto habari za baba yake. Naye pia alijaribu kuishi bila mume, kwa muda mfupi vilevile, kwani alifariki karibu mwaka 1860. Lakini muda huo ambao Wotton angeupitisha kwa nusu mstari, yeye aliujaza beti 102.

Shaaban Robert anasimama upande mwingine, upande wa mume aliyebaki. Katika shairi lake la kumlilia mkewe Amina, anazungumza naye moja kwa moja, kwa jina, na sisi wasomaji tunasikia tu kutoka nje. Ni shairi lililokamilika kwa uchungu wake. Hata hivyo ukilimaliza hujui Amina alicheka vipi, wala nani kati yao aliamka kwanza. Mfiwa wa ndani kabisa hana nafasi ya kuyaona hayo kwa mbali. Anayeweza kuyaona ni mtu wa damu aliyekaa pembeni kidogo ya ndoa: mjomba, shangazi, mtoto wa mjomba. Naamini hiyo ndiyo sababu Wotton, kwa mapungufu yake yote, aliwaona Morton na mkewe kama jozi.

Sisi tunapofiwa na jozi namna hiyo, tunafanya nini? Kwanza tunaandika wasifu. Alizaliwa wapi, alisoma wapi, alifanya kazi wapi, lini alianza kuumwa, ameacha mjane na watoto wangapi. Mke akifuata unaandikwa mwingine, na humo mume anatajwa mara moja, kwenye mwaka wa ndoa. Karatasi mbili, na waliokaa pamoja maisha yao yote hawakutani katika hata moja. Hitima inawatendea wema zaidi: majina yao husomwa pamoja na wazee waliotangulia, ubani unafuka, na thawabu za kisomo zinawaendea wote. Lakini dua kazi yake si kusimulia, na hatupaswi kuidai hivyo.

Kazi hiyo tumewaachia watani. Mimi ni Mzaramo wa Kisarawe, na utani wetu na Wanyamwezi unatokana na enzi za misafara iliyoshuka kutoka bara. Alipofariki binamu yangu, mtoto wa mjomba, mtani alifika asubuhi kabla turubai halijafungwa vizuri. Akachukua kofia ya marehemu, akaketi kwenye kiti chake kile cha kamba, akanyoosha mguu mmoja kama marehemu alivyonyoosha kwa sababu ya goti. Kisha akaita kuelekea ndani, kwa sauti ileile ya puani: “Mama watoto, chai hii umeweka chumvi?” Kila siku ya ndoa yao binamu yangu aliuliza hivyo, na chai haikuwa na chumvi hata siku moja. Wanaume barazani wakainamisha vichwa. Kutoka ndani, kati ya wanawake waliokaa mkekani, mjane akajibu kama alivyojibu siku zote: “Kapike mwenyewe!” Msiba mzima ukacheka, kisha kilio kikaanza upya, na safari hii kilikuwa kilio cha watu wanaojua hasa wamepoteza nini.

Mjane alimaliza eda yake. Mwaka haukuisha naye akafariki. Mtani akarudi, akaketi kwenye kiti kilekile, akauliza kuhusu chumvi, kisha akahamia mlangoni akajibu kwa sauti ya shemeji yangu, kidole kikitikiswa kama alivyokitikisa. Hakumfanya mke kuwa mkia wa mume, wala hakumwacha mume kwenye karatasi yake peke yake. Katika yote niliyosoma kuhusu wafu wawili waliopendana, sijaona pengine palipowaweka hivyo, kila mmoja na sauti yake, neno la huyu likimngoja yule.

Wapo wanaoona aibu mambo haya, wakisema utani msibani ni utovu wa heshima. Siwaelewi. Heshima gani inayomzika mtu bila sauti yake?

Udhaifu wa watani uko kwingine. Mistari ya Wotton iliingia kitabuni mwaka 1651, yeye mwenyewe akiwa amekwisha kufa, na mpaka leo Elizabeth anajaribu kuishi. Utendi wa Mwana Kupona ulinakiliwa kwa mkono, ukafika chapani. Aliyoyafanya mtani wetu yamo vichwani mwa waliokuwepo barazani, na mtani mwenyewe sasa ni mzee. Mwezi ujao ukoo unafanya hitima ya pamoja ya hao wawili. Nimeomba baada ya kisomo, kabla ya chakula, mtani apewe kile kiti, na kijana mmoja akae karibu naye arekodi kwa simu. Shehe hana pingamizi. Wajukuu waliozaliwa baada ya misiba ile watakaa mbele.