KWA NINI BADO TUNAIMBA EBENEZER



Angela Chibalonza, mtumishi aliyetoka Kongo akaimba hapa Kenya, alifariki kwa ajali ya barabarani mwaka 2007. Watoto waliozaliwa baadaye wanaimba Ebenezer yake bila kitabu. Siri ni nini? Kiswahili chake ni chepesi, hata nyanya anakishika. Lakini kuna zaidi.

Fungua 1 Samweli 4. Israeli walipiga kambi Ebenezeri, wakashindwa. Wakaanguka askari 30,000, sanduku la agano likatekwa. Njoo sura ya 7. Miaka 20 na zaidi imepita. Wanatubu pale Mispa, Mungu anawapigania, Samweli anasimamisha jiwe. Analipa jina gani? Lile lile la mahali pa aibu!

Mpendwa, tembo wamemaliza mahindi yako, mvua imekupita, nawe unadhani wimbo huu ni wa waliofanikiwa. Hapana, ni wako. Jiwe lile halikuwekwa mwisho wa safari, liliwekwa njiani.

Leo mtajie Mungu mahali uliposhindwa, kisha imba ukiwa papo hapo.