Tafiti za Watoto Tangu Kuzaliwa: Ni kwa Kiasi Gani Zinamwakilisha Mtoto wa Rungwe na wa Taifa?

Takwimu za afya ya mtoto humfikia mwananchi kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni sensa, pamoja na zile tafiti za kitaifa zinazochagua kaya kwa bahati nasibu katika mikoa yote. Ya pili ni utafiti wa kundi la wazaliwa: watoto huandikishwa wakiwa wachanga katika eneo fulani, kisha hufuatiliwa kwa miezi au miaka huku uzito, urefu, maradhi na ukuaji wa akili yao vikipimwa kila mara. Mkazi wa Tukuyu, Kiwira au Masoko anaposikia redioni kwamba “watoto wa Tanzania” wana tatizo fulani, ana haki ya kuuliza watoto hao ni wa wapi na walichaguliwaje. Jibu lina uzito wake, kwa sababu fedha za lishe, chanjo na huduma za kliniki hupangwa kwa kutegemea tarakimu hizo.

Mfano ulio karibu zaidi ni utafiti wa MAL-ED, uliofanyika katika nchi nane, zikiwamo Bangladesh, Brazil, India, Peru na Afrika Kusini. Kwa Tanzania kituo kilikuwa Haydom, mkoani Manyara. Kati ya mwaka 2009 na 2012 waliandikishwa watoto 2,145 katika vituo vyote, Haydom ikiwa na zaidi ya 200. Wahudumu waliwatembelea nyumbani mara mbili kwa wiki hadi walipofikisha miaka miwili. Hakuna utafiti wa kaya wa kitaifa unaoweza kumtazama mtoto kwa ukaribu huo, na ndiyo sababu matokeo yake yalisomwa duniani kote.

Hata hivyo, masharti ya kuandikishwa yalikuwa na athari zake. Mtoto alipaswa kuandikishwa ndani ya siku 17 tangu kuzaliwa. Mapacha hawakuchukuliwa, wala watoto wenye uzito chini ya gramu 1,500, wala wenye ugonjwa mkubwa, wala wa mama aliye chini ya miaka 16, wala wa familia iliyotarajia kuhama. Kila sharti lina sababu ya kitaalamu inayoeleweka. Lakini yakijumlishwa, walioachwa nje ni wale hasa walio katika hatari kubwa zaidi. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionesha kuwa watoto 43 kati ya kila 1,000 wanaozaliwa hai hufariki kabla ya kutimiza miaka mitano, na 24 kati yao hufariki katika mwezi wa kwanza. Vifo vingi vya mwezi huo hutokea katika siku za mwanzo kabisa. Utafiti unaoruhusu uandikishaji hadi siku ya 17 huwakosa wengi wa watoto hao, hivyo haufai kutumiwa kukadiria vifo vya wachanga, hata ukiwa makini kiasi gani katika mambo mengine.

Mahali penyewe pana uzito kama masharti. Haydom na Tukuyu zote ziko nyanda za juu, takribani mita 1,600 hadi 1,700 juu ya usawa wa bahari, lakini kufanana kwake kunaishia karibu hapo. Haydom ni nchi ya ukame wa msimu, mahindi na mifugo. Rungwe hupata mvua karibu mwaka mzima, na mtoto hulelewa kwa ndizi, viazi na maziwa kando ya mashamba ya chai. Hata ukanda huu hauna sura moja: anayeteremka kutoka Tukuyu kuelekea Kyela hufika katika joto la ufukwe wa Ziwa Nyasa, mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako malaria ni suala jingine kabisa. Aidha, utafiti wa kitaifa wa viashiria vya UKIMWI wa 2022-23 ulikadiria maambukizi ya asilimia 4.4 kwa watu wenye miaka 15 na zaidi nchini, na asilimia 9.6 kwa Mbeya, ilhali Manyara ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi ya chini. Maana yake ni kwamba watoto waliozaliwa na mama wanaoishi na VVU, kundi lenye mahitaji yake ya pekee ya ukuaji, ni wengi zaidi Rungwe kuliko katika sampuli ya Haydom.

Ingekuwaje kama watoto wangeandikishwa katika Hospitali ya Wilaya ya Makandana, mjini Tukuyu? Kasoro ingebadilika tu. Hospitali ya wilaya hupokea uzazi wenye matatizo uliopewa rufaa kutoka zahanati, hivyo wagonjwa wangezidi. Papo hapo ingemkosa mama aliyejifungulia nyumbani. Kitaifa, asilimia 81 ya uzazi ulioripotiwa mwaka 2022 ulifanyika katika vituo vya afya, kwa hiyo karibu mmoja kati ya watano ungebaki nje. Kuongeza idadi ya watoto hospitalini hapo hakuondoi tatizo hilo: kosa la uchaguzi hubaki lilelile, likiwa limeandikwa kwa tarakimu kubwa zaidi.

Nchi zilizofaulu kuwakilisha taifa zima zilianza na orodha ya waliozaliwa. Uingereza iliwaandikisha watoto wa wiki moja ya Machi 1946, kisha ikafuatilia 5,362. Familia za vibarua wa viwandani zilichukuliwa moja kati ya nne, na wataalamu hurekebisha hesabu kwa kulipa kila kundi uzito wake halisi. Hata huko, mapacha na watoto waliozaliwa nje ya ndoa waliachwa, na watoto wa wahamiaji waliokuja baadaye hawamo. Marekani ilipanga kufuatilia watoto 100,000 na ikasitisha mpango huo Desemba 2014, kwa hiyo fedha pekee hazitoshi.

Kwa Tanzania, orodha hiyo ndiyo kikwazo. Utafiti wa 2015-16 ulikuta asilimia 26 tu ya watoto chini ya miaka mitano wamesajiliwa. Mpango wa RITA wa kusajili watoto wa umri huo bila malipo, katika vituo vya afya na ofisi za kata, ulianzia Mkoa wa Mbeya mwaka 2013, Rungwe ikiwamo, kabla ya kupelekwa mikoa mingine. Cheti cha kuzaliwa hutazamwa zaidi kama hati ya kuandikishia shule. Kitakwimu, ni mlango wa mtoto kuhesabiwa: asiyesajiliwa hawezi kuchaguliwa kwa bahati nasibu kutoka kwenye daftari ambalo hayumo.

Je, tafiti za aina ya Haydom zipuuzwe? Hapana. Swali la “wangapi” na swali la “kwa nini” huhitaji ushahidi tofauti. MAL-ED ilionesha kuwa vimelea vya tumboni, hata pasipo kuhara, vinahusiana na mtoto kudumaa, na uhusiano huo ulijitokeza katika mazingira yanayotofautiana sana. Mhudumu wa afya wa Rungwe ana sababu nzuri ya kuuzingatia. Asichoweza kuchukua ni asilimia ya udumavu ya Haydom, ambako zaidi ya nusu ya watoto wa miaka miwili walikuwa wamedumaa, na kuibandika kwenye mpango wa halmashauri yake. Wala haifai kuilinganisha moja kwa moja na wastani wa kitaifa wa asilimia 30 wa mwaka 2022, unaohusu watoto wote walio chini ya miaka mitano, wa umri mchanganyiko na wa muongo mwingine.

Tafiti za afya zinazohusisha watu nchini hupitia kibali cha maadili cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), ambayo ina kituo pia Tukuyu. Mzazi anayeombwa kumwandikisha mtoto hushiriki kwa hiari, na anaweza kujitoa wakati wowote bila kupoteza huduma ya kliniki. Akijua mapema kwamba atahama, aseme. Familia inayotoweka katikati ya ufuatiliaji hupunguza uwakilishi kama ile isiyoandikishwa kabisa, na wanaohama Rungwe kutafuta kazi Mbeya mjini au kwenye machimbo ya Chunya mara nyingi si wale wenye shamba la chai la kuwashikilia nyumbani.