Mapatano ya Vinanda

Msomaji mpenzi, aliye mwepesi wa kulaumu huwa mzito wa kuuliza. Nasema hivi kwa sababu nilipata kuwa mtu wa namna hiyo, na kabla ya kukueleza historia niliyokusudia, yanipasa kwanza kuungama kosa langu.

Katika chuo cha ualimu ninachofundisha tuna kwaya, na kwaya hiyo hufuata kinanda cha umeme. Kinanda chenyewe ni cha kuongozea tu, yaani kidhibiti. Hakina sauti yake. Mpigaji akibonyeza kitufe, habari hupita katika waya mpaka kwenye kisanduku kilicho kando, na kisanduku ndicho kitoacho sauti. Jioni moja, siku chache kabla ya mashindano, kijana wa mwaka wa pili alikuwa akipiga nasi tukiimba. Katikati ya ubeti wa pili sauti ilikatika ghafula. Juu ya kiwambo cha kisanduku yakatokea maneno mafupi ya Kiingereza, maana yake kwamba mawasiliano yamekatika. Mimi sikuyasoma. Nilimgeukia kijana, nikamwambia mbele ya wenzake kwamba amekiharibu chombo cha chuo kwa mikono yake mizito, na kwamba itampasa kutafuta fedha za kukitengeneza. Kijana aliinamisha kichwa. “Mwalimu,” alisema kwa upole, “kuna maneno yameandikwa pale.” Sikumsikiliza.

Maneno yale yalikuwa na historia nyuma yake. Laiti ningaliijua, nisingalimtia mtu aibu. Basi nifuate, nikuonyeshe yalikotoka.

Vinanda vya umeme vya miaka ya 1960 na 1970 vilikuwa kama watu waliokaa chini ya mti mmoja bila ya lugha ya shirika. Kila kimoja kilikuwa na akili yake na uzuri wake, lakini hakikuweza kumwambia mwenzake neno. Katika vinanda vya Moog sauti iliongozwa kwa nguvu ya umeme, na kanuni ilikuwa kwamba nguvu ikizidi kwa volti moja, sauti hupanda oktava moja. Kampuni za Korg na Yamaha zilifuata kanuni nyingine katika vinanda vyao vya mwanzo: kila oktava ilitaka volti maradufu ya ile iliyotangulia. Hata ishara ya kuanza sauti haikuwa moja. Iliyokuwa amri ya “anza” kwa kinanda hiki ilikuwa upuuzi kwa kinanda kile. Mpigaji aliyeviunganisha vya aina mbili alipata makelele badala ya muziki. Kwa hiyo aliyetaka sauti za vinanda vitatu alilazimika kuvipanga vitatu mbele yake, na kurukaruka kwa mikono kutoka kimoja hadi kingine.

Yawezekana utauliza kwa nini wenye kampuni hawakupatana mapema. Jibu si gumu. Mfanyabiashara aliyekuuzia kinanda alipenda ununue na vyombo vyake vyote vilivyobaki, na ugeni wa lugha ulikuwa ukuta wa kukuzuia usiende kwa jirani. Kuubomoa ukuta huo kulitaka watu walio tayari kupoteza faida ndogo ya leo kwa ajili ya faida kubwa ya wote.

Watu hao walipatikana katika pande mbili za bahari. Wa kwanza alikuwa Ikutaro Kakehashi, aliyezaliwa Osaka, Japani, mwaka wa 1930. Wazazi wake walifariki angali mtoto mdogo. Katika ujana wake alitengeneza saa na redio, na mwaka wa 1972 akaanzisha kampuni ya Roland. Wa pili alikuwa Dave Smith wa California, Marekani, mwenye kampuni ya Sequential Circuits. Mwaka wa 1978 Smith alitoa kinanda kiitwacho Prophet-5, ambacho kilikuwa na kompyuta ndogo ndani yake ya kuhifadhi sauti alizozitengeneza mpigaji. Tendo hilo lilikuwa kubwa kuliko lilivyoonekana, kwa maana vinanda vilipoanza kuwa na kompyuta ndani, viliweza kupashana habari kwa tarakimu badala ya volti.

Mwaka wa 1981 Kakehashi alizungumza na wenzake wa Marekani juu ya haja ya lugha moja. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo Smith, pamoja na mwenzake Chet Wood, alipeleka pendekezo lililoandikwa mbele ya mkutano wa wahandisi wa sauti. Baadhi ya kampuni hazikujali, nyingine zilijali. Kampuni za Kijapani za Roland, Yamaha, Korg na Kawai ziliungana na Sequential Circuits, zikalifanyia pendekezo marekebisho mengi. Mwishowe lugha ikapewa jina la MIDI, herufi nne za maneno ya Kiingereza yenye maana ya kiungo cha tarakimu cha vyombo vya muziki.

Mwezi wa Januari 1983, katika maonyesho ya wauza ala za muziki huko Anaheim, California, waya mmoja ulitoka katika kinanda cha Prophet-600 cha Sequential Circuits ukaingia katika Jupiter-6 cha Roland. Mpigaji alibonyeza kimoja, na kingine kikaitika. Vinanda viwili vya kampuni mbili zilizoshindana sokoni vilisemezana mbele ya watu. Mwezi wa Agosti mwaka huohuo kanuni zote zilichapishwa. Tena, msomaji, tia maanani jambo hili: Smith na Kakehashi hawakumtoza mtu ada ya kuitumia lugha hiyo. Waliiacha iwe mali ya wote, kama ilivyo njia ipitayo kati ya vijiji.

Sasa na tuitazame lugha yenyewe, kwa kuwa bila ya kuijua huwezi kuyaelewa makosa yake. Maneno yake ni tarakimu kuanzia 0 hadi 255, nayo yamegawanyika katika makundi mawili. Tarakimu kuanzia 128 kwenda juu nyingi ni amri. Tarakimu za chini ya 128 ni habari zifuatazo amri. Mathalani, mpigaji akibonyeza kitufe cha Do iliyo katikati ya kinanda, waya huweza kuchukua tarakimu tatu: 144, 60, 100. Ya kwanza husema, “Anza sauti katika njia ya kwanza.” Ya pili hutaja sauti yenyewe. Ya tatu hueleza nguvu ya kidole. Akiachia kitufe, hupelekwa amri nyingine ya kukomesha sauti ileile. Njia zilizopo ni 16, ili waya mmoja uweze kuongoza vyombo vingi, kila kimoja kikisikiliza njia yake na kuziacha za wenzake.

Waya hupitisha alama 31,250 kwa sekunde. Kila tarakimu, pamoja na alama zake za kuanza na kumaliza, hutumia alama 10. Kwa hiyo tarakimu 3,125 hupita kwa sekunde moja, na amri ya tarakimu tatu haimalizi hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mwisho wa safari umeme wa chombo cha kwanza hauingii katika chombo cha pili. Huwasha taa ndogo, na jicho la umeme lililo mkabala huisoma nuru yake. Kwa hila hiyo ngurumo na hitilafu za chombo kimoja hazimdhuru mwenzake.

Waliotunga lugha hii walijua kwamba kila njia ina mashimo yake. Je, waya ukichomoka baada ya amri ya kuanza na kabla ya amri ya kukoma? Sauti ingelia bila ya kikomo, kwa kuwa aliyeambiwa “anza” hakuambiwa “koma.” Dhidi ya hatari hiyo waliweka tarakimu 254, ambayo chombo kikipenda huipeleka mara kwa mara hata kama hakuna anayepiga, kana kwamba kinasema, “Nipo, nipo.” Mpokeaji akishaisikia mara moja, huitazamia tena. Zikipita sehemu 300 za elfu za sekunde bila ya kusikia neno lolote, hujua kwamba mwenzake ametoweka; hunyamazisha sauti zote, na vyombo vingine huandika juu ya kiwambo kwamba mawasiliano yamekatika.

Msomaji, bila shaka umekwisha kufahamu. Kile kimya cha jioni ile hakikuwa dalili ya kisanduku kuharibika. Kisanduku kilikuwa kizima, tena kilikuwa kikitii sheria yake na kutuambia wazi palipo na kosa. Kosa lilikuwa njiani, katika waya.

Baada ya watu kutawanyika nilibaki peke yangu, nikafungua kitabu cha maelezo cha chombo, nikayatafuta maneno yale. Nikaushika waya na kuufuata kwa vidole kutoka mwanzo hata mwisho. Nilikuta mguu wa benchi umeukanyaga, na nyuzi za ndani zimekatika. Nilileta waya mwingine. Kisanduku kikaitika mara moja. Ndipo nikakumbuka ni nani aliyelisogeza benchi lile mchana, ili waimbaji wa sauti ya pili wapate nafasi. Alikuwa ni mimi.

Hiyo si habari pekee ambayo chombo huweza kukupa. Wakati mwingine huandika kwamba ghala yake ya habari imejaa. Maana yake imepelekewa mambo mengi kwa muda mfupi kuliko inavyoweza kuyapokea. Dawa yake ni kupunguza mzigo au kuupeleka polepole. Wakati mwingine husema kwamba jumla ya uhakiki haikubaliani. Maneno haya hutisha, lakini ni hesabu ya darasani. Katika ujumbe mrefu wa Roland, mpelekaji hujumlisha tarakimu za anwani na za habari, kisha huongeza tarakimu moja ya mwisho ili jumla yote igawanyike kwa 128 bila ya baki. Chukua tarakimu 64, 0, 127 na 0. Jumla yake ni 191. Ukigawanya kwa 128 hubaki 63. Toa 63 katika 128, upate 65. Hiyo 65 ndiyo hupelekwa mwisho, na 191 ukijumlisha na 65 ni 256, yaani 128 mara mbili. Mpokeaji huifanya hesabu hiyohiyo. Akipata baki, hujua kwamba tarakimu imeharibika njiani, na huukataa ujumbe wote kuliko kutenda jambo asilokuwa na yakini nalo. Wangapi miongoni mwetu hufanya hivyo wapelekewapo uvumi?

Kuna pia kosa lisiloandikwa popote: kila kitu kimewaka, wala sauti haisikiki. Hapo tazama kwanza kama waya umetoka katika tundu la kutolea na kuingia katika tundu la kupokelea. Kisha tazama kama mpelekaji na mpokeaji wamo katika njia moja. Kwa kuwa asemaye katika njia ya kwanza hatasikiwa na asikilizaye njia ya pili. Na sauti moja ikiling'ang'ania, iko amri ya kukomesha zote, ambayo vyombo vingi vina kitufe chake. Badili kitu kimoja kwa wakati mmoja, utazame matokeo, kisha uendelee. Ukibadili vitu vitano kwa pamoja, chombo kitapona nawe hutajua kilikuwa na ugonjwa gani.

Kakehashi alifariki mwaka wa 2017, na Smith mwaka wa 2022. Mwaka wa 2013 walikuwa wamepewa tuzo ya ufundi ya Grammy kwa kazi yao. Mapatano yao yameishi kuliko kampuni nyingi zilizoyadharau. Mwaka wa 2020 yalitolewa mapatano mapya, MIDI 2.0, yenye kupima kwa usahihi zaidi na kuwawezesha wazungumzaji wawili kuulizana na kujibiana. Hata hivyo hayakuyatupa yale ya zamani. Kinanda cha mwaka wa 1983 bado chaweza kuongoza chombo cha leo.

Siku ya pili yake niliikusanya kwaya kabla ya zoezi. Nilimwita yule kijana, nikainua waya uliokatika ili wote wauone, nikasema kwamba nilimlaumu bure, kwamba aliyeharibu ni mimi, na kwamba yeye peke yake alikuwa amesoma kilichoandikwa. Nililipia waya mpya. Haikuwa rahisi kusema hivyo, lakini ingekuwa vibaya zaidi kunyamaza, kwa kuwa lawama nilizitoa hadharani, na msamaha wa sirini usingeziondoa.

Haya ndiyo niliyojifunza, nawe uyachukue yakikufaa. Watu wawili wa mataifa mawili walitunga lugha ambayo ndani yake kosa halifichwi, bali hutangazwa mapema na kuonyeshwa mahali pake, ili litengenezwe. Walifanya hivyo kwa vyombo visivyo na roho. Sisi tulio na roho tusiwe nyuma ya vinanda: kosa likitokea, tusome kwanza, tuulize pili, na lawama, kama ikilazimu kuwapo, ije mwisho.