Gharama ya Damu Safi: Mbuzi wa Maziwa Katika Milima ya Uluguru

Anayetafuta mnyama wa mbegu safi, awe mtoto wa mbwa wa ulinzi mjini Morogoro au mtamba wa mbuzi wa maziwa kule Mgeta milimani, huanza kwa kuuliza bei. Ni haki yake, lakini bei haimwambii gharama. Historia ya mbuzi wa Norwe katika Milima ya Uluguru inaonyesha kwamba fedha ya kununulia ni kiingilio tu. Mzigo wenyewe ni kumtunza mnyama kila siku, na zaidi ya hapo kuilinda damu yake kizazi baada ya kizazi, kazi ambayo hakuna kaya inayoimudu peke yake.

Milima hii ilishajua uchungu wa kazi isiyohesabiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Wataalamu walihesabu udongo utakaookolewa, wakasahau migongo ya wachimbaji. Na penye udongo mwembamba, jembe lilileta juu tabaka lisilo na rutuba, mazao yakapungua. Mwaka 1955 ghasia zilizuka na mpango ukafa. Lakini upande wa Mgeta, ambako kabichi, karoti na njegere zilipata soko mijini, matuta yameendelea kulimwa. Tofauti ilikuwa malipo: mkulima wa Uluguru hakatai kazi ngumu, anakataa kazi isiyomrudishia kitu.

Kwa kipimo hicho ndipo mbuzi wa maziwa wanapaswa kupimwa. Katika miaka ya 1980, wataalamu wa kilimo wa Morogoro, ambako Chuo Kikuu cha Sokoine kilianzishwa mwaka 1984, walishirikiana na wenzao wa Norwe kuleta mbuzi wa huko, na kuelekea mwisho wa muongo huo mbegu hiyo ikapandishwa Mgeta. Mahali palichaguliwa vizuri: kuna baridi, mashamba ni madogo na miteremko ni mikali kiasi kwamba ng'ombe hapati nafasi. Mbuzi hawa hawaachiwi wajitafutie. Hujengewa banda lililoinuliwa juu ya nguzo, sakafu yake ya fito zilizoachiwa nafasi ili mavi na mkojo vidondoke chini. Majani hukatwa kwenye kingo za matuta na kubebwa kichwani. Dawa ya minyoo haikosekani, na jike hukamuliwa hata siku ya msiba. Samadi ya chini ya banda hurudi kwenye mboga, na maziwa, yapata lita moja au zaidi kwa siku, huenda kwa watoto na sokoni. Hapo kazi inalipa.

Gharama ya kulinda damu ndiyo isiyoonekana siku ya kununua. Jike wa kienyeji akipandwa na beberu safi huzaa chotara wa nusu. Chotara huyo akipandwa na beberu mwingine safi huzaa wa robo tatu, na huyo naye akipandwa na beberu safi huzaa wa asilimia 87.5. Lakini mbuzi hubeba mimba miezi mitano tu, na ndani ya miaka miwili beberu aliyebaki kijijini huwa anawakuta binti zake mwenyewe. Asipohamishwa, ndugu huzaana na ndugu na kizazi hudhoofika. Wafugaji wa mbwa barani Ulaya wanalijua tatizo hili: tangu Kennel Club ilipoanzishwa London mwaka 1873, usafi wa ukoo umelindwa kwa daftari, na koo kadhaa zimelipa usafi huo kwa maradhi ya kurithi. Huko Mgeta dawa yake ni wafugaji kubadilishana mabeberu na kuandika nani kazaliwa na nani.

Wapo wanaosema mbuzi wa kienyeji anatosha, kwa kuwa ni rahisi, anahimili maradhi na hahitaji banda la fito. Kwa nyama na kwa mwenye pori la kuchungia, wana hoja. Lakini maziwa yake humtosha mwanawe tu, na Mgeta pori la kuchungia halipo. Pingamizi zito zaidi ni kwamba mzigo wa majani huwaangukia wanawake na watoto. Hilo ni kweli, na ndiyo sababu jasho lao linapaswa kuingizwa katika hesabu kabla mbuzi hajafika, na fedha ya maziwa ipite mikononi mwao. Kuliacha nje ni kurudia kosa la matuta.

Kwa hiyo mradi wa mbegu bora usipimwe kwa idadi ya mbuzi waliogawiwa siku ya uzinduzi. Upimwe miaka kumi baadaye, kwa maswali mawili: beberu wa kubadilisha anatoka wapi, na nani analipwa kwa kukata majani? Kijiji chenye majibu hayo kinaweza kummiliki mnyama wa damu safi. Kisicho nayo kimenunua kizazi kimoja tu.